Bakuli la Pini Tatu

Tulimzika Bi Zaituni mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, theluji chafu ikiwa bado imerundikana pembezoni mwa makaburi. Baada ya mazishi sisi wanawake tulikwenda nyumbani kwa mpwa wake, kule Blaine, Minnesota, tukavua mabuti mlangoni, tukaketi kwenye zulia huku chai ya maziwa na maandazi vikipita. Msichana mmoja ambaye simjui, mjukuu wa mtu, akauliza kama ni kweli kwamba marehemu aliwahi kuishi na sahani za Kizungu nyumba nzima na hakula kwenye hata moja. Watu wakacheka jinsi watu wanavyocheka msibani, kwa kujizuia. "Muulizeni Atupele," akasema mpwa wake. "Yeye ndiye aliyekuwa akimwendesha." Nikasema ni kweli, zilikuwa nyingi, kisha nikaomba sukari. Njiani kurudi Maple Grove binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini sikuendelea kusimulia. Nilikaa na Bi Zaituni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Tangu hapo nimesoma, nimeolewa, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa mpaka miguu imetoka mishipa, na mambo mengi ya maisha yangu nimeyaelewa, mengine kwa kuchelewa. Mwaka ule bado.

Aliyenipeleka kwake ni Njeri, Mkenya tuliyekuwa tukisoma naye kemia. Nilikuwa nimekosa chumba chuoni mwaka wa pili na nilikuwa nalala kwenye kochi la watu. "Kuna mathe mmoja wa Zanzibar huko Northeast, Minneapolis," Njeri akaniambia, "ana gari lakini hawezi ku-drive. Anataka mtu. Room na chakula ni bure. Lakini ati ana vyombo mob, vimejaa nyumba nzima, usiguse kitu." Nikauliza vyombo gani. Njeri akainua mabega. "Vya watu waliokufa, ndivyo watu wanasema." Nilikwenda hivyo hivyo, na begi langu moja. Nikapanda ngazi za mbao zilizolia kila hatua mpaka ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, na mlango ukafunguliwa na mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, kajifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi ya hospitali, mikono ina povu hadi viwikoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi." "Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo, usiingie na hilo begi mgongoni. Livue kwanza." Nilidhani ni adabu ya kwao. Nilipoingia ndipo nikaelewa: begi lile, ningegeuka nalo upande wowote, lingeangusha kitu.

Sebule ilikuwa na kuta nne na zote zilikuwa sahani. Alimwita fundi akamtengenezea rafu nyembamba kuanzia kimo cha goti hadi dari, na kila sahani ilisimama kwenye kijiguu chake cha waya, ikitazama katikati ya chumba. Kulikuwa na sahani za Ufaransa zenye ukingo wa dhahabu na mawaridi, vikombe vya Ujerumani vyembamba kiasi kwamba ukishika kimoja mbele ya taa unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili, birika za Kiingereza zenye michoro ya buluu, watoto wa kauri wanaopuliza filimbi, na kwenye rafu ya chini peke yake, kama wageni wasiojulikana na mtu, vyungu vinne vya Kimarekani vya rangi ya kijani kibichi isiyong'aa. Mimi nimetoka Tukuyu. Nyumbani sahani ilikuwa chombo cha kulia. Jikoni kwa Bi Zaituni tulikula pilau, siku nyingine wali na mchuzi wa pweza wa kopo, kwenye sahani za plastiki alizozinunua dukani pamoja na mafuta ya kupikia, na tukitoka hapo na kupita sebuleni kwenda kulala tunapita kando, bega mbele, kama watu wanaopita mbele ya wanaosali. Nilimuuliza wiki ya kwanza kwa nini hatuli kwenye zile. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Zile? Zile za kutazamwa." Nikauliza zinatazamwa na nani, maana tulikuwa wawili tu. "Basi si unazitazama wewe?" akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Kazi yangu ilikuwa Ijumaa asubuhi, kabla ya darasa langu la saa sita. Wamarekani mtu akifa na watoto wakiwa hawataki vitu vyake, huifungua nyumba kwa siku mbili au tatu, vitu vikiwa pale pale alipoviacha, kila kimoja na bei yake kwenye kikaratasi, na yeyote aingie anunue. Bi Zaituni alizitafuta nyumba hizo gazetini, akazizungushia kalamu nyekundu, na sisi tukaenda. Ya kwanza ilikuwa Eden Prairie. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, giza halijatoka vizuri, tukakuta watu wamepanga foleni kwenye baridi na vikombe vya kahawa mkononi, wanasalimiana kama watu wa msikiti mmoja. Mlango ulipofunguliwa nilimfuata ndani, na nikakwama ukumbini. Koti la kuogea la mwenye nyumba lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa bafu, likiwa na kikaratasi cha bei. Miwani yake ilikuwa juu ya redio. Watu walikuwa wanafungua kabati zake za jikoni na kuuliza kama kuna mifuniko. Nilihisi nimeingia kwa mtu bila hodi na ameniona. Bi Zaituni alikuwa ameshafika kwenye kabati la vyombo. Kabla ya kugusa kitu aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Mungu akusamehe, na utusamehe na sisi," kisha akachukua kikombe, akakigeuza, akasoma alama chini yake, akakigonga kwa ukucha na kukisogeza sikioni.

Alinifundisha yote hayo bila kusema kwamba ananifundisha. Kauri nzima ukiigonga inaimba, na sauti inakaa. Yenye ufa inajibu fupi, kama mtu aliyekatizwa. Dhahabu iliyopakwa kwa mkono inafifia pale ambapo midomo ya watu imegusa kwa miaka, na ikiwa haijafifia popote, jiulize. Sahani iliyovunjwa ikagundishwa, pitisha ulimi: gundi ina joto, kauri ina ubaridi. Nilimwona akilamba sahani ya marehemu wa watu mbele ya kadamnasi na nikatamani ardhi inimeze. Siku za Jumapili tulizisafisha, moja moja, kwenye beseni la plastiki lililotandikwa taulo chini, yeye akiosha na mimi nikikausha. Nilizichukia kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu nilijikuta maktaba, badala ya kusoma kemia, nasoma habari za tanuri na udongo mweupe, na sikujua ni lini nilibadilika wala kama nilibadilika kweli au nimezoea tu.

Wanawake wenzake walikuja siku moja moja, wakaketi jikoni maana sebuleni hapakaliki, na nikiwa chumbani kwangu na vitabu niliwasikia kupitia ukuta. "Zaituni, nyumba imejaa roho za watu hii." "Waache waseme," sauti yake. "Mtu badala ya kujenga nyumbani ananunua vikombe," akasema mwingine. "Mie sina nyumbani pa kujenga. Nina ndugu mmoja yuko Maskati, na huyo tunapeana salamu kwa Idi." Kisha yule wa kwanza, kwa sauti ya chini: "Ndugu mmoja tu, Zaituni, na mnapeana salamu kwa Idi?" Sikusikia alichojibu. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe muda mrefu kupita sukari inavyohitaji.

Mwezi wa nne tulikwenda nyumba moja ya Saint Paul, kwenye mteremko unaotazama mto. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu. Mezani hapakuwa na kitu cha maana na nilikuwa tayari nimeshika ufunguo wa gari, lakini Bi Zaituni alikuwa na desturi ya kushuka hadi chumba cha chini, kwenye makopo ya rangi na taa za Krismasi. Nilisikia akiniita. Hakuniita kwa sauti ya Bi Zaituni ninayemjua. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mwisho na mapajani mwake pana bakuli kubwa, zito, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa, limezungushiwa maua mekundu na majani ya kijani yaliyopigwa chapa kwa sponji, na mstari wa buluu ukingoni. Halikuwa kauri nyembamba ya aina aliyoipenda. Lilikuwa la udongo, la kazi. Kwenye ukingo lilikuwa na ufa mrefu, na ufa ulikuwa umeshonwa kwa pini tatu za waya, mafundi wa zamani walivyokuwa wakishona vyombo kabla ya gundi nzuri. "Hili bakuli letu," akasema.

"Linafanana na la kwenu?"

"Sikusema linafanana. Nimesema letu. Lilikaa kwenye kidaka, ukutani, mkono wa kushoto ukiingia. Hizi pini alitia fundi wa Kihindi, mama akiwa mwari. Hesabu. Tatu."

Nilihesabu. Zilikuwa tatu. Nilimwambia basi tulinunue, halikuwa na bei kubwa. Akanishika mkono. "Mtu hanunui kitu chake, Atupele. Waambie." Bi Zaituni alijua Kiingereza cha kutosha, alikifanyia kazi miaka mingi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini. Lakini siku ile kilimtoka chote, na mimi nikawa ndio mdomo wake. Mwanamke aliyesimamia mauzo, mwenye aproni yenye mifuko, alisikiliza kwa upole ule wa watu wa Minnesota ambao hujui kama ni upole au ni mlango unaofungwa, kisha akaenda kumwita binti wa marehemu. Alikuja. Jina lake Carol, mwanamke wa miaka sitini hivi mwenye sweta lililopitana vifungo, macho yamevimba. Nikasema tena. Nilisikia sauti yangu ikisema kwa Kiingereza safi kwamba bakuli hili lilitoka katika nyumba ya mama huyu, Zanzibar, ng'ambo ya dunia, kwamba analijua kwa pini zake. Sikusema "anadhani." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema "anadhani."

Carol alilitazama bakuli, akamtazama Bi Zaituni aliyekuwa analia bila kujifuta. "Baba alisafiri sana kabla ya kuoa," akasema polepole. "Alifika Afrika, nadhani. Au ilikuwa Misri tu? Sikuwahi kumuuliza. Unafikiri una wakati wa kuuliza." Kisha akabandua kikaratasi cha bei kwa kucha, taratibu, akakikunja. "Chukueni. Tafadhali. Nafurahi lina pa kwenda." Bi Zaituni alimkumbatia. Tulirudi Minneapolis nikiendesha maili arobaini mahali pa sitini, yeye amelipakata kama mtoto, na tulipovuka daraja akageuza uso dirishani. Nilidhani ni furaha.

Alilitolea nafasi sebuleni, mkono wa kushoto ukiingia. Siku ile ile akanunua kadi ya simu, akampigia kaka yake Maskati, asimpate, akaacha ujumbe kwa watu wa nyumbani: mwambieni Mbarouk nimelipata bakuli la kidakani. Baada ya siku tatu simu ililia asubuhi akiwa kazini, nikapokea mimi. Ilikuwa sauti ya mzee, ya pole, yenye Kiunguja kile kile. Nikamwamkia, nikajitambulisha. "Bakuli gani alilolipata?" akauliza. Nikamweleza: maua, mstari wa buluu, pini tatu. "Mwanangu," akasema, "bakuli lile lilivunjika. Mie nililivunja, nina miaka kumi na moja. Lilitoka vipande kama karafuu zilizomwagika. Baba alinichapa, kisha akanipeleka kwa ami yangu Pemba nikakae huko, na sikurudi tena kuishi kwetu. Vipande vyenyewe nilivitupa mie pwani." Nikauliza kama ana hakika, swali la kijinga. "Lakini usimwambie," akasema. "Kama amefurahi, mwache afurahi." Akakata.

Nilikaa jikoni na simu mkononi mpaka nikachelewa darasa. Kwenda chuoni nilipita sebuleni bega mbele, na bakuli lilinitazama kama jambo nililolifanya mimi. Nikajiambia ni siri ya mzee na si yangu kuitoa. Wiki mbili baadaye Carol alipiga. Tulimwachia namba siku ile. Alikuwa na haya kuliko mtu anayedai, na hakudai. Alisema amekuta picha ndani ya Biblia ya nyanya yake, aliyezaliwa Uholanzi akaja kulima magharibi ya Minnesota: bibi huyo, angali kijana, mbele ya jiko la kuni, na mezani mbele yake bakuli lile lile, na pini zinaonekana. "Sitaki lirudi," akasema haraka. "Nilitaka kujua tu. Labda yapo mengi? Labda nimekosea?" Nikasema nitamuuliza mama. Sikumuuliza. Nilikwenda maktaba, nikasoma kwamba viwanda vya Uholanzi vilitengeneza mabakuli kama yale kwa maelfu, mengine yakapelekwa pwani yetu yakawekwa kwenye vidaka, mengine yakauzwa kwa wakulima wao wenyewe, maua yale yale, mstari ule ule. Nilifunga kitabu. Yote yalikuwa yamepangika na hakuna lililokaa sawa. Bi Zaituni alikuwa haimbi tena jikoni. Mtu aliyepata kitu alichokipoteza alitakiwa aimbe, na yeye alikuwa anakonda.

Nilimwambia Jumapili, tunaosha. Nilianza na Carol maana ndiyo iliyokuwa rahisi. Nilisema picha, nyanya, Uholanzi. Aliendelea kuzungusha kitambaa ndani ya kikombe. "Unataka kusema mie mwizi," akasema. Nikasema hapana, Bi, hakuna aliyesema hivyo. "Sema." Hapo ndipo nilipovunja neno la mzee. Nilimwambia Kaka Mbarouk amepiga simu, na alichosema. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa hata nimeshafikiria kochi la nani nitarudi kulala. Bi Zaituni alitoa mikono kwenye maji, akaikausha kidole kimoja kimoja, akaketi kwenye kiti cha jikoni.

"Najua lilivunjika," akasema. "Mie nililivunja."

Sikuelewa. Nikasema, yeye anasema ni yeye.

"Anasema hivyo tangu siku hiyo. Nilikuwa na miaka minane. Mama alificha visheti nyuma ya bakuli, nikapanda kiti. Likaja na mie chini. Mbarouk akaingia mbio, akanitazama, akasikia kiatu cha baba, akasema, mimi. Akachapwa yeye. Akapelekwa Pemba yeye. Mie nimesimama mlangoni na kisheti mkononi, sikufungua mdomo. Mpaka leo."

"Sasa kule Saint Paul, Bi, ulipoliona..."

"Wallahi nilisahau. Nilipoliona, kule kuvunjika kulinitoka akilini kote, kama hakukuwahi kuwa. Nilijua nimelipata, basi. Nilikumbuka kwenye gari, tunavuka daraja."

"Na ulipokumbuka?"

"Lilikuwa limeshakaa mapajani mwangu," akasema, na akaanza kulia kwa namna iliyonifanya nizime jiko bila sababu, maana hapakuwa na sufuria juu yake.

Tulilirudisha Jumamosi iliyofuata. Nyumba ilikuwa imeshasafishwa, tupu, imebaki meza ya jikoni na viti viwili, na Carol alituketisha sisi, yeye akasimama. Safari hii Bi Zaituni alisema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha chumba cha mashuka: "I make mistake. This one for your grandmother." Carol akamwonyesha picha. Wakainama juu yake wote wawili, vichwa karibu kugusana, wakihesabu pini kwa vidole. Carol akasema anaona aibu kulichukua. Bi Zaituni akasema yeye anaona aibu zaidi. Wakabishana hivyo kwa muda, kila mmoja akilisukuma bakuli upande wa mwenzake juu ya meza, nami moyo juu, naliona linaelekea ukingoni. Mwishowe Carol alilichukua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akachota unga kwenye mfuko wa vyakula aliokuja nao, akaumimina ndani ya bakuli lile la miaka mia, akavunja mayai, akatia maziwa, akaanza kukoroga kwa mkono. "Ndivyo alivyokuwa akifanya," akasema. "Kaeni." Nilimtazama Bi Zaituni. Alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Miaka yote ya sahani zake, sidhani aliwahi kuona mtu akitia mkono kwenye kimoja cha vyombo hivyo. Tulikula chapati nene za maziwa za Kimarekani.

Asubuhi iliyofuata, Maskati ikiwa alasiri, alinipa kadi ya simu nimkwangulie namba. Alisimama kwenye ukumbi mwembamba, mgongo ukutani. Nilisikia upande wake tu. Akamwamkia, akauliza hali za watoto, akauliza tena hali za watoto wale wale. Kisha akasema yote kwa pumzi moja: visheti, kiti, kidaka, nililivunja mie kaka, ulinibebea, nimenyamaza miaka hamsini, nisamehe. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika, na akanisukumia simu kifuani. "Hasemi kitu," akanong'ona. "Amekasirika. Mie siwezi. Zungumza naye wewe, niulizie kama amenisamehe."

Niliweka simu sikioni. Nikasema, mjomba, ni Atupele. Nilisikia akipumua. "Mwambie dada yangu aache maneno hayo," akasema. Sauti ya pole ilikuwa imemtoka. "Yeye alikuwa amelala. Nakumbuka mkono wangu, nakumbuka lilivyoniteleza, lilikuwa na mafuta. Mie nililivunja." Nikasema, labda mjomba ulikuwa mdogo, labda umesahau. "Nimesahau?" akasema. "Kama si mie niliyelivunja, mwanangu, nilitolewa nyumbani kwa kosa gani? Hebu niambie wewe uliyesoma. Miaka yote Pemba, mama amekufa sikumzika, kwa kosa gani?" Sauti ya mashine ikaingia katikati, ikasema kwa Kiingereza kwamba imebaki dakika moja. Bi Zaituni alikuwa ananivuta mkono wa blauzi. "Anasemaje? Atupele, anasemaje?"

Mpaka leo sijui ni nani aliyelivunja. Nilifikiri nikikua nitajua. Kwamba umri utanipa jicho la kutazama watu wawili wanaogombea kosa moja na kuona ni la nani. Mbarouk alifariki miaka mingi iliyopita, sasa na dada yake amemfuata, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Siku ile nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sekunde chache za kujibu. Nilimtazama Bi Zaituni, macho yake mekundu, na nyuma yake kuta za sahani zote zikitutazama, na nikamwambia, "Anasema amekusamehe. Anasema alikusamehe zamani."

Alifumba macho. Akanyoosha mkono, nikampa simu, naye akaishika kwa mikono miwili, akaigandamiza shavuni. "Ahsante, kaka," akasema. "Ahsante. Mungu akuweke." Akaendelea kumshukuru kwa muda mrefu, akimwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia mlio wa simu iliyokatika, na nikamwacha aseme mpaka alipomaliza.